Wasifu wa Mzee Lenzi, Mtu wa Mwisho Dukani Aliyejua Anachouza

Kwa heshima zote na majonzi yasiyo na kipimo, familia inautangazia umma kuwa siku ya Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, alifariki dunia mtu wa mwisho katika mtaa wa maduka aliyejua kamera ni kitu gani. Waliobaki wanajua kuifuta vumbi.

Tunayemzika leo wengi wenu mlimwita Mzee Lenzi. Kamera ndogo nyeusi mnayoiona pale mezani, kando ya jeneza, si pambo. Ilikuwa ya marehemu mkewe, na ndani yake zilikaa kwa karibu miaka kumi na miwili picha za mwisho za mama huyo akiwa hai. Kama picha hizo zilisalimika au zilifia mikononi mwa duka alilolitumikia Mzee Lenzi, ndiyo habari kubwa ya wasifu huu. Kwa hiyo wenye kawaida ya kusinzia wasifu ukisomwa tunawaomba wajikaze kidogo.

Meneja wa duka hilo yuko nasi, safu ya pili, na ametuletea shada la maua. Tunashukuru. Kadi ya shada inasema: "Kwa mteja wetu mpendwa." Marehemu alifanya kazi katika duka hilo miaka thelathini na mmoja na miezi tisa.

Mzee Lenzi alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi breki za mabehewa na mama muoka mikate. Mdogo wake, ambaye ni mama yake mwandishi wa maneno haya, anakumbuka kuwa akiwa na miaka saba marehemu alimkuta baba yao akinywa dawa ya kikohozi kwa kijiko cha kupakulia mchuzi. Akaichukua chupa, akaigeuza, akasema, "Baba, imeandikwa kijiko cha chai." Baba yao akamkazia macho. "Nani kakuuliza?" Swali hilo lilimfuata mpaka uzeeni, na waliomuuliza wengi wao walikuwa na kadi ya utambulisho shingoni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1973. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Anakumbukwa kwa jambo moja. Mwalimu wa fizikia alikuwa na projekta iliyofungiwa kabatini miaka mitatu, na kila mwaka aliandika ripoti kuwa ni mbovu, iletwe nyingine. Siku moja marehemu aliilaza chali, akakodolea macho kibandiko cha chini, kisha akaomba fyuzi ya aina fulani. Projekta ikawaka. Mwalimu hakumshukuru, alimwamrisha akae chini. Chuo kikuu marehemu hakukikanyaga, na mpwa wake anayesoma wasifu huu hana mdomo wa kumlaumu, maana yeye alikikanyaga mwaka mmoja na nusu akatoka mikono mitupu.

Baada ya miaka michache ya kupanga vifurushi posta, aliajiriwa katika duka la kamera tarehe 1 Februari 1980. Duka mnalijua: lile lenye kengele mlangoni, kaunta ya kioo yenye umbo la kiatu cha farasi, na taa sita nyeupe za kumfanya kila mteja aonekane mgonjwa. Wakati huo muuzaji alitakiwa ajue. Mteja aliingia na swali akatoka na jibu, na pengine akatoka na kamera. Kila bidhaa mpya ilipofunguliwa, Mzee Lenzi alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wenzake: alipotea chooni nusu saa. Akirudi, anaijua kamera ile kama aliyekunywa nayo chai tangu utotoni. Wenzake walisema ana kipaji. Mmoja alisema ana majini. Hakuna aliyejisumbua kuuliza huko chooni alikuwa anaingia na nini.

Alimwambia ukweli kila aliyesimama mbele yake. Daktari wa meno alitaka kamera kubwa kuliko zote, marehemu akamwuliza anapiga picha nini, daktari akajibu, "Magego." Akauziwa lenzi ndogo ya vitu vya karibu, na anaitumia hadi leo. Bwana harusi mmoja alitaka flashi ya pili. "Ukumbi una madirisha?" "Yapo mengi." "Basi kanunue soksi, hizo ulizovaa hazifanani." Wateja walicheka, walirudi, walileta watoto wao. Wakubwa wa duka walikunja sura.

Mwaka 2008 ikaja semina ya mauzo. Mtaalamu mmoja mwenye maikrofoni ya sikioni aliwaambia wafanyakazi kuwa mteja hanunui kamera, ananunua ndoto. Marehemu akanyoosha mkono na kuuliza ndoto hiyo inatumia betri ya aina gani. Hakualikwa kwenye semina nyingine.

Mwaka huohuo duka likaajiri sura mpya. Wasifu huu utamtaja mmoja, kwa jina alilopewa na wateja: Megapikseli, kwa sababu ndilo neno pekee la kazi alilolijua. Naye yuko nasi, karibu na meneja. Ndiye mwenye tai ya zambarau. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuyafanya maboksi "yapumue", yaani kutoa makaratasi yote yaliyokuja na kamera na kuyatupa pamoja na plastiki, ili mteja akifungua akutane na kamera moja kwa moja. Kazi ya pili ilikuwa kujibu maswali. Marehemu aliyanukuu mazungumzo yafuatayo nyumbani siku hiyohiyo, na familia imeyahifadhi.

Mama mmoja aliuliza, "Mwanangu, hii inapiga picha gizani?"

"Gizani, mwangani, popote, mama. Ina megapikseli ishirini na nne."

"Na betri inakaa muda gani?"

"Ishirini na nne."

"Saa?"

"Inategemea."

Mwingine aliuliza kama lenzi fulani inaingia kwenye kamera aliyonayo nyumbani. Megapikseli akajibu, "Inaingia, kaka. Ikikataa, isukume."

Kaka yule aliisukuma. Aliporudi na vipande viwili, duka lilimweleza kuwa udhamini hauhusiani na mteja kutumia nguvu. Mzee Lenzi alisimama katikati ya duka na kusema mteja ameambiwa asukume na muuzaji, na muuzaji hajui tofauti ya lenzi na kifuniko cha chupa. Tarehe 31 Oktoba 2011 akapewa barua ya kupumzishwa. Sababu iliyoandikwa: "Kuwapa wateja taarifa kupita kiasi." Barua hiyo aliiwekea fremu. Ipo sebuleni, mkono wa kushoto ukiingia, na wanaotaka kujua duka lilivyofika lilipofika waende wakaisome.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameingia dukani mwaka mmoja kabla, akitaka kamera yenye lenzi ndefu ya kupigia picha magauni aliyoshona.

"Dada, lenzi hii ni ya kupigia ndege," marehemu alimwambia. "Magauni yako yanaruka?"

"Wewe ni muuzaji," mama akamjibu, "au umewekwa hapo kuwazuia watu wasinunue?"

Alirudi mara tatu. Mara ya nne hakuulizia kamera. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1987, ambaye leo ni mpimaji ardhi.

Mwaka 1996, mama alipofungua chumba chake cha kushonea, mumewe alimzawadia kamera hii iliyoko mezani. Ilikuwa ya mota, inajivutia mkanda yenyewe. Mama aliipenda kuliko cherehani, na aliweka sheria ambayo hata wageni waliijua: mkanda hautolewi mpaka uishe. Mkanda ukiwa na nafasi moja imebaki, nyumba nzima ingetafutiwa sababu ya kupigwa picha. Ndiyo maana albamu zao zina picha nyingi mno za kuku na za mlango.

Mama aliugua mapema mwaka 2009. Mkanda wake wa mwisho ulikuwa wa picha ishirini na nne, na mwenyewe alisema akiwa kitandani, "Zimebaki tano. Msizichezee." Alifariki Jumapili, tarehe 14 Juni mwaka huo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzipiga zile tano, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuivunja sheria. Kamera ikaingia kwenye droo ya vifungo na zipu. Ikakaa humo. Picha za mama akiwa ameanza kukonda lakini bado anacheka zilikuwa mle ndani, na hakukuwa na nyingine za mwaka ule popote.

Mwaka 2016 marehemu alipoteza uwezo wa kuona kwa presha ya macho. Aliupokea upofu vizuri kuliko alivyoipokea semina.

Sasa tunafika Jumatano, tarehe 10 Machi 2021. Binti alitaka baba yake atimize miaka sitini na mitano akiwa na picha za mama mkononi, hata kama atasimuliwa tu. Bila kumwambia, aliichukua kamera kwenye droo akaipeleka palepale ilikonunuliwa. Kaunta ni ileile, taa ni zilezile sita. Megapikseli alikuwa amepanda cheo na kuwa Mshauri Mwandamizi wa Picha, kimeandikwa kifuani kwa herufi za dhahabu.

"Nataka mkanda uliomo humu usafishwe," binti alisema.

"Hamna shida, dada. Ngoja tuone kama kuna kitu ndani."

Na hapo, waombolezaji, Mshauri Mwandamizi alifanya kosa ambalo hata mpiga picha za pasipoti wa kibarazani hawezi kulifanya akiwa amelewa. Mkanda usiosafishwa ukiona mwanga umekufa. Huo ndio mwanzo na mwisho wa biashara nzima, na duka lenyewe lilijengwa juu ya jambo hilo. Yeye aliufungua mgongo wa kamera mchana kweupe, chini ya taa sita, akachungulia kama mtu anayeangalia kama wali umeiva.

"Kumbe upo," akasema.

Binti alipiga kelele. Megapikseli akafunga haraka, akaangalia kidirisha cha namba, akajikusanya.

"Umeungua, dada. Pole sana. Ila si hasara kubwa, kidirisha kinaonyesha mlikuwa mmepiga tano tu." Akaunyoosha mkono na kamera kuelekea kwenye ndoo ya taka. "Hii nikutupie? Halafu wiki hii tuna ofa."

Binti aliinyakua. Alifika nyumbani akilia kiasi kwamba fundi viatu wa jirani alitoka na nyundo mkononi akidhani amefukuzwa na mtu. Ilibidi amwambie baba yake yote: kwamba ameitoa kamera, kwamba imefunguliwa, kwamba mama hayupo tena hata kwenye mkanda.

Mzee Lenzi alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio. Hakufoka. Alinyoosha mikono apewe kamera, akaipapasa pande zote, akasimamisha kidole gumba kwenye kona.

"Alipofungua, aliuvuta mkanda?"

"Hakuuvuta. Alifunga akataka kuitupa, nikamnyang'anya."

"Kidirisha kinasema ngapi?"

"Tano, baba. Alisema tulikuwa tumepiga tano tu."

Mzee alikigusa kidirisha kwa kidole. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka redio ikabidi izimwe. Binti alidhani huzuni imempanda kichwani.

"Mama yako alisemaje? Zimebaki ngapi?"

"Tano."

"Basi hiyo namba inahesabu zilizobaki, si zilizopigwa. Kamera hii ukiitia mkanda inauvuta wote nje kwanza, mpaka mwisho. Halafu kila ukipiga picha, inairudisha moja ndani ya mkebe wake. Zilizopigwa zote zimo ndani, zimejifunika. Huyo mpumbavu amezimulika zile tano tupu."

Binti akajifuta machozi.

"Usisimame hapo," mzee alisema. "Lete kitambaa cheusi cha bitana cha mama yako. Kizibe mlango wa bafu, chini na pembeni, na dirisha. Sitaki mwanga upite hata wa kuingia sindano."

Aliingia bafuni peke yake na mkasi wa cherehani. Humo ndani kulikuwa giza totoro, na kwake hakukuwa na tofauti. Mikono iliyofanya kazi hiyo mara elfu ilifungua, ikakata mkanda ulioungua, ikautoa mkebe, ikaufunga kwenye karatasi ya fedha na soksi. Dakika nne. Wenye macho mazima mliopo hapa jaribuni kufungua kopo la samaki kwa dakika nne.

Mkebe ulipelekwa kwa rafiki yake wa zamani, fundi wa kusafisha picha, aliyekuwa bado na chumba cha giza nyuma ya nyumba yake na hana cheo chochote kifuani. Zilitoka picha kumi na tisa. Kumi na nane zilikuwa salama. Ya kumi na tisa, iliyokuwa mlangoni mwa mkebe, ilichomwa ukingo na mwanga, ikawa na mwali mwekundu upande mmoja. Ndiyo hiyo iliyoko kwenye jalada la ratiba hii. Aliipiga binti yao. Mama ameketi kwenye cherehani, anacheka na kitu kisichoonekana. Mzee amesimama nyuma yake.

Binti alimsimulia baba yake zote, moja baada ya nyingine. Walipofika kwenye ya mwisho, mzee akauliza, "Mimi nimetokaje?"

"Umefumba macho, baba."

"Basi hakuna kilichobadilika."

Wiki mbili baadaye duka liliandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni kuwa linajivunia "kuisaidia familia moja kuokoa kumbukumbu zake". Liliweka na picha ya Megapikseli akitabasamu. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Kilichotoka vizuri ni kabati la nyuma yake.

Figo za marehemu zilianza kushindwa mwezi Novemba 2023. Alilazwa mara tatu, na mara ya tatu hakurudi nyumbani. Aliwahudumia wauguzi kama alivyowahudumia wateja: aliwaambia kitanda chake kina kishikizo cha kuinulia mgongo ambacho hakuna aliyekuwa akikitumia, na kweli kilikuwepo. Tunawashukuru kwa uvumilivu wao. Tunamshukuru pia mdogo wake, aliyempelekea uji kila siku na kuulaumu kila siku kabla yeye hajaulaumu. Alifariki usingizini, akiwa na umri wa miaka sitini na minane na siku ishirini na nne.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja aliyempenda baada ya mkwe huyo kukiri kuwa hajui kitu, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, mpwa mmoja, rafiki mmoja mwenye chumba cha giza, na mtaa mzima wa watu wenye kamera wasizojua kuzitumia. Tunamlaza leo saa nane mchana kando ya mkewe. Giza limfunike salama kama mkanda ndani ya mkebe wake, na asisumbuliwe na ofa yoyote.

Limebaki jambo moja, na familia imeona lisizikwe naye.

Jumamosi, siku mbili kabla hajafariki, meneja na Megapikseli walifika hospitali na kamera ya video na stendi yake. Walitaka kumrekodi kwa ajili ya mafunzo ya wafanyakazi. Meneja alisimama upande wa miguuni wa kitanda, akafunga vifungo vya koti, akatangaza kwa sauti ya ibada kwamba Mzee Lenzi alijaliwa kipaji kisichofundishika, hisia ya sita, mkono uliobarikiwa, na kwamba kwa kuondoka kwake ulimwengu wa kamera hautajua tena alichokijua yeye. Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu aliinamisha kichwa.

Familia nayo, tuseme kweli, ilikuwa na imani zake. Kwa miaka mitatu tuliambiana kuwa siku ile, kwenye kile kiti karibu na redio, si mzee aliyejua. Ni mama aliyemnong'oneza. Ndugu kadhaa wameshatoa ushuhuda kanisani juu ya hilo. Pale hospitali binti alikuwa amemshika mzee mkono. Akamwinamia.

"Baba, wasikie na wao. Siku ile uliposhika kamera ya mama, ulijuaje kwamba picha zimo ndani? Alikwambia nani?"

Mzee aligeuza uso upande ule zilikotoka harufu za manukato ya meneja.

"Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo," alisema. "Ukurasa wa kumi na mbili. Kinakuwa ndani ya boksi, hicho mnachokitupa."